Wote wametiki "nzuri sana", sasa nafanyaje? Jibu kuhusu dodoso la kupima kijitabu cha mafunzo

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa mradi kwenye shirika dogo, tuko Kiteto. Tumetengeneza kijitabu cha kurasa 32 cha kufundishia wakulima namna ya kuvuna, kukausha na kuhifadhi mahindi yasipate sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu). Tumefanya semina kwenye vikundi, mwisho wa siku tukagawa fomu ya tathmini na karibu wote wametiki 'nzuri sana'. Bosi anataka ushahidi kwamba kijitabu kinafaa kabla hajatoa hela ya kuprinti kopi nyingi, na mimi nikizisoma hizo fomu naona hazinambii kitu. Dodoso zuri la kupima kijitabu linakuwaje, na maswali yawe mangapi?"

Marahaba dada. Umeshafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, umezisoma fomu zako ukazitilia mashaka. Wengi wakiona "nzuri sana" zimejaa wanaziingiza kwenye Excel, wanapata wastani wa 4.7 kati ya 5, wanachora duara la rangi rangi, ripoti inaenda kwa mfadhili na maisha yanaendelea.

Nianze na hiyo fomu yenyewe maana ukishaelewa kwanini haikusema kitu ndo utajua hili jipya ulijengeje. Fikiria ilivyogawiwa. Ni saa kumi na moja jioni, watu wako kwenye mabenchi ya ofisi ya kata tangu asubuhi, karatasi ya kusaini posho iko mezani, mama ana mtoto mgongoni na kwake ni mbali, alafu mwezeshaji yule yule aliyewafundisha siku nzima anapita na fomu na anasimama hapo hapo kuzikusanya. Huyo mama aandike nini? Mgeni kaja na soda na nauli, na pengine mwakani atarudi na mbegu, wewe umwambie ukurasa wake wa 14 haueleweki? Kwahiyo ulichopima siku ile ni adabu ya watu wa Kiteto, na kweli adabu yao ni nzuri sana.

Na wala usidhani ni sisi tu. Mwaka 1973 ulichapishwa utafiti mmoja wa Marekani ambapo walimchukua mwigizaji, Michael Fox, wakampa jina la Dk. Myron Fox na sifa za kubuni, wakamsimamisha mbele ya wataalamu wa magonjwa ya akili, saikolojia na ualimu awahutubie jambo asilolijua. Hotuba ilikuwa na vichekesho vingi, maneno makubwa na hoja zinazojipinga zenyewe. Wasomi wale wakajaza fomu za tathmini na wengi wakampa alama nzuri tu. Alafu 1997 Alliger na wenzake wakajumlisha tafiti nyingi za mafunzo kazini, wakakuta kwamba mtu kuyafurahia mafunzo kulikuwa na uhusiano wa karibu na sifuri na kile alichojifunza. Swali la "yatakufaa kazini?" lilifanya vizuri kidogo kuliko la "umeyapenda?", ila nalo halikuwa na nguvu ya kutegemea peke yake. Kuna na wale wanafunzi wa fizikia wa Harvard, utafiti wa 2019, waliosoma kwa kufanya mazoezi wenyewe darasani walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhiri mzuri, mtihani ulipokuja ukaonyesha kinyume chake. Yani mtu mwenyewe anaweza akakwambia ukweli wake wote kwa moyo mmoja na bado asijue amejifunza kiasi gani, sasa unamuuliza wa nini?

Kwahiyo ushauri wangu mkubwa kwenye jibu lote hili ni mmoja: acha kuuliza kijitabu kikoje, uliza mtu ameweza kufanya nini nacho na amekwama wapi. Mengine yote ni namna ya kutekeleza hilo.

Kabla hujaandika swali hata moja chukua karatasi uandike maamuzi ambayo wewe na bosi wako mtayafanya baada ya hii tathmini. Kwa ulivyoeleza mimi naona matatu tu: tuprinti au tusiprinti, kurasa zipi zirekebishwe kwanza, na kina nani ambao kijitabu hakitawafaa hata tukirekebisha mpaka watafutiwe njia nyingine. Basi. Alafu kila swali utakaloandika pembeni yake andika "nikipata jibu hili nitafanya nini", ukikosa cha kuandika futa swali. Utashangaa maswali yanavyopungua. Umri kamili, dini, idadi ya watoto, ekari za baba yake, haya huwa yanaingia kwa sababu mtu aliyakuta kwenye dodoso la mwingine. Wewe unachohitaji kumjua mhojiwa ni kama anasoma Kiswahili bila shida, nani hasa anashughulika na mahindi hapo nyumbani, na ni kundi gani. Hayo mengine kila unapoyauliza unamchosha mtu na unabeba taarifa zake binafsi bila sababu, na siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sio suala la ustaarabu tu.

Bosi pia mwambie mapema dodoso halitaweza kusema nini. Yule Kirkpatrick, mtaalamu wa Marekani aliyeandika 1959, aligawa tathmini ya mafunzo kwenye ngazi nne, watu wameipokeaje, wamejifunza nini, wamebadilisha nini kazini, na mwisho matokeo yenyewe. Matokeo yenyewe kwako ni sumukuvu kupungua kwenye mahindi, na sumukuvu haionekani kwa macho wala haionjwi, inapimwa kwa kipimo, na kwa sumukuvu ya aina ya aflatoksini kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa kwenye mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Hakuna swali la kuuliza mkulima likakupa jibu la hivyo. Nyie watu wa Manyara na Dodoma mnakumbuka 2016 ilivyokuwa watu walipougua na kufa kwa sumukuvu, na Kenya 2004 waliumwa watu 317 wakafa 125, kwahiyo jambo hili sio la kulipamba kwenye ripoti kwa kusema "asilimia kadhaa ya wakulima wanaona sumukuvu imepungua". Wanaonaje kitu kisichoonekana? Dodoso lako litaishia ngazi ya pili na ya tatu, na hapo panatosha kabisa kwa uamuzi wa kuprinti.

Sasa umeniuliza maswali yawe mangapi. Nisingetengeneza dodoso moja kubwa, ningegawa vipande vitatu vidogo kwa nyakati tatu. Na kipande cha kwanza ndo watu wengi wanakiruka wakati ndo cha bei rahisi na ndo kinachookoa hela ya kuprinti, kwahiyo nitakikalia kidogo.

Kipande cha kwanza ni kukaa na mtu mmoja mmoja na kijitabu chenyewe mkononi. Watu watano mpaka wanane kwa raundi moja wanatosha, rekebisha, alafu tafuta wengine wanane ambao hawajakiona. Sio mwenyekiti wa kikundi wala yule kijana aliyemaliza fomu foo, tafuta na wanaosoma kwa shida. Usimuulize "umeelewa?" maana atasema ndiyo. Fungua ukurasa, mwambie "mimi sijui chochote kuhusu huu ukurasa, nieleze wewe unasemaje". Alafu nyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu hapa, utajikuta unataka kumsaidia, usimsaidie.

Chukua mfano huo ukurasa wa kupima unyevu kwa chupa na chumvi, nina uhakika kwenye kijitabu chako upo maana upo kwenye vijitabu vyote vya namna hii. Chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, mahindi mpaka theluthi, chumvi kavu vijiko kadhaa, tikisa, subiri robo saa, chumvi ikinata kwenye kuta za chupa mahindi bado mabichi. Maelezo ni rahisi mno, ukiuliza "ukurasa huu unaeleweka?" utapata ndiyo asilimia mia. Sasa wewe mpe mama chupa, mpe debe la mahindi, mpe chumvi ya mawe kama anayotumia nyumbani kwake, mwambie "fanya kama kitabu kinavyosema" na uangalie. Mmoja atachukua chupa ya plastiki ya maji kwa sababu chupa ya kioo hana, mwingine ataosha chupa kwanza kwa sababu ni msafi, na maji yale yale yatanatisha chumvi, mwingine chumvi yake imeshapata unyevu jikoni. Mwingine ataona chumvi haijanata aseme basi tia gunia, wakati chumvi kutonata maana yake unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi na kwa kuhifadhi muda mrefu unatakiwa ufike 13.5 au chini ya hapo. Hivyo vyote ni vya kurekebisha kwenye ukurasa: andika neno "kavu" kwa herufi kubwa, weka picha ya chumvi inayoanikwa juani kwanza, ongeza mstari wa kuanika tena. Dodoso la maswali mia moja lisingekuonyesha hata kimoja.

Michoro nayo usiiamini. Ile alama ya X nyekundu juu ya picha ya mahindi yaliyoanikwa chini, kwako wewe ni "usifanye hivi". Onyesha mchoro huo bila maneno alafu uliza "huyu kwenye picha anafanya vizuri au vibaya, umejuaje?" Nimeshasikia majibu kwamba X ni alama ya mahali pa kuanikia, yani "weka hapa", na huyo mtu wala hakuwa mjinga, hakuna aliyewahi kumwambia X maana yake nini.

Kama maandishi yako ni marefu kuna jaribio la zamani la Wilson Taylor, la 1953, unachukua kipande cha kijitabu, unafuta kila neno la tano unaacha nafasi, unamwambia msomaji ajaze. Akijaza mengi kwa usahihi maana yake maandishi anayaelewa. Tahadhari yangu moja ni kwamba viwango vya kufaulu vinavyotajwa vitabuni vimetokana na Kiingereza na neno moja letu kama "wasipoyakausha" limebeba sentensi nzima, kwahiyo usivichukue kama vilivyo, litumie kulinganisha tu toleo lako la kwanza na la pili kwa watu wanaofanana. Na kwa wanaoongea zaidi Kimasai au Kigogo au Kirangi nyumbani wasikie na kujibu kwa lugha yao, tafuta mtu wa kutafsiri ambaye sio kiongozi wao.

Kipande cha pili ni siku ya semina yenyewe, hapo unapima kujifunza. Maswali 8 mpaka 10, wajibu asubuhi kabla hujafungua mdomo na wajibu tena mwisho, na kama ukiweza warudie baada ya wiki kadhaa maana jioni ile ile kila kitu bado kiko kichwani. Wape kadi za namba, wewe mwenye namba 17 asubuhi uwe 17 jioni, jina hatutaki, hapo unaweza kulinganisha mtu na yeye mwenyewe. Wasiosoma wasomewe pembeni, mmoja mmoja, wasinyooshe mikono hadharani maana wa kwanza akinyoosha wote watamfuata.

Maswali yenyewe yasiwe ya "sumukuvu ni nini". Weka tukio. Mfano: "Mama Neema amevuna, ameanika kwenye turubai siku tatu, usiku mvua imenyesha ikalowesha nusu ya mahindi. Asubuhi afanye nini?" na majibu manne. Yale majibu mabaya usiyatunge kichwani ukiwa umekaa ofisini, yachukue kwa wakulima wenyewe kutoka kile kipande cha kwanza, yale waliyokuwa wanayasema kweli. "Yakipikwa sana sumu inakufa" ni jibu baya lililo zuri sana kwa sababu watu wengi wanaliamini, na kweli kupika kwa kawaida nyumbani hakuiondoi. "Yakiwa meupe hayana ukungu ni salama" ni lingine. Majibu mabaya yakiwa ya kijinga kila mtu anapatia hata asiyesoma kitabu. Weka na "sijui" na uwaambie kabisa sijui sio aibu, bila hivyo wanabahatisha na kubahatisha kati ya majibu manne kunampa mtu robo ya alama za bure.

Ukimaliza angalia swali moja moja, sio jumla. Tuseme watu 40, swali la mvua walipatia 9 asubuhi na 33 jioni, hapo kijitabu na mwezeshaji wamefanya kazi. Swali la turubai walipatia 38 asubuhi na 39 jioni, hapo hukuwafundisha kitu walikuwa wanajua tayari, fikiria kama hizo kurasa nne za turubai zina haja. Swali la kufunga mfuko wa PICS (ule wa kuhifadhia nafaka usiopitisha hewa, wenye mifuko miwili ya plastiki ndani) walipatia 11 asubuhi na 13 jioni, basi huo ukurasa umeshindwa, rudi nao kipande cha kwanza. Wastani wa jumla ungekuficha yote hayo.

Ukiwa na hamu ya kuuliza na kujiamini kwao, "unajiona unaweza kiasi gani", ujue kuna mtego. Asubuhi mtu anajipa alama kubwa kwa sababu hajui asichokijua, jioni ameshajua ugumu wa jambo anajipa ndogo, karatasi inaonyesha semina imempunguzia ujuzi. Dawa yake inayotumika ni kuuliza yote mawili jioni, "kabla ya leo ulikuwaje na sasa ukoje", ila nayo ina kasoro ya watu kutaka kuonyesha wamepiga hatua ili wakufurahishe. Iwe nyongeza tu kwa ule mtihani, isiwe ushahidi wako.

Kipande cha tatu ndo dodoso kama ulivyolizoea, la kwenda nyumbani kwa mtu, na hapo nakujibu namba: maswali 10 mpaka 15, dakika 20 zikizidi sana. Na muda wake unaamuliwa na mahindi, hauamuliwi na kalenda ya mfadhili. Ukienda mwezi wa pili kuuliza mtu alivyoanika mwezi wa saba atakujibu alichofundishwa. Nenda wakati mahindi yako uani, huko kwenu ni kama mwezi wa sita mpaka wa nane, alafu rudi baada ya miezi mitatu minne uone hifadhi.

Hapa namna ya kuuliza ndo kila kitu. Swali la "Je, umeanza kuanika mahindi kwenye turubai kama ulivyofundishwa?" limeshajijibu lenyewe, nani atasema hapana? Uliza "msimu huu mahindi yako umeyaanika wapi?", usimsomee majibu, wewe kwenye simu yako una orodha ya chini, turubai, kichanja, mkeka, juu ya bati, bado yako shamba, unatiki anachosema. Kisha "naomba nipaone". Unachokiona unaandika kwenye sehemu yake tofauti na alichosema. Siku nyingine vitapishana na hiyo tofauti ni data nzuri kuliko zote. Kwenye mfuko wa PICS angalia kama ile miwili ya ndani imefungwa kila mmoja peke yake na kama haijatobolewa, jicho lako linamaliza maswali matano.

"Kijitabu kilikuwa kizuri na chenye kueleweka?" ni maswali mawili kwenye moja, mtu akisema hapana hujui amekataa lipi. Badala yake uliza "ukurasa gani ulibidi urudie au umuulize mwenzako?" na "mara ya mwisho ulikifungua ukitafuta nini, ulikipata?" Akikwambia hajawahi kukifungua usimkunjie uso, muulize kwanini, labda mume ndo kakiweka kwenye sanduku pamoja na hati ya kiwanja na mkaushaji wa mahindi ni yeye mama. Na hapo liko swali langu ninalolipenda kuliko yote: "kijitabu kiko wapi sasa hivi, naomba nikione". Mwingine atakuletea kipya kabisa kimefungwa kwenye mfuko, kimetunzwa kwa heshima na hakijasomwa. Mwingine kimechanika jalada, kurasa za 9 mpaka 12 zina alama za vidole na mafuta, zilizobaki nyeupe. Piga picha kurasa hizo kwa ruhusa yake, huo ndo ukurasa unaotumika. Mwingine kimefungiwa maandazi, na hiyo nayo ni taarifa.

Suala la vipimo vya "nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa". Hicho ni kipimo cha Rensis Likert, kipo tangu 1932 na mahali pake kinafaa, ila ukikipeleka kwa mtu unayemwamkia shikamoo na kumkalia kwenye kigoda chake, "nakubali" inakuja yenyewe kabla hujamaliza sentensi. Kama lazima upate kiwango, tumia majibu yanayoendana na swali lenyewe, mfano "uliweza mwenyewe bila msaada, uliweza kwa kusaidiwa, ulijaribu ukashindwa, hujajaribu". Au tumia punje za mahindi: mpe punje kumi, panga mbele yake picha za hatua tano za kijitabu, mwambie aweke punje nyingi kwenye hatua iliyomsumbua zaidi. Hapo hawezi kusifia zote sawa, lazima achague, na watu wanaifurahia kweli maana mjadala unaanza hapo hapo, "mimi nimeweka hapa kwa sababu turubai ni ghali". Hilo la turubai ghali ndo ulilokuwa unalitafuta, kijitabu kinaeleweka vizuri ila hela hakuna, na hiyo hairekebishwi kwa kuchapa kopi zaidi.

Nani aende kuuliza: sio mwezeshaji, sio afisa ugani wa kata yao, sio wewe kama uso wako wanaujua na gari lenu wanalijua. Tafuta vijana wawili watatu wa kike na wa kiume kutoka wilaya nyingine, na sentensi ya kwanza waseme "mimi sikutengeneza hiki kitabu, nimetumwa kutafuta makosa yake kabla hakijachapwa kingi, ukinionyesha kosa umetusaidia". Ukimpa mtu kazi ya kutafuta makosa unamtoa kwenye adabu ya kusifia. Na kama kuna chochote cha kutoa, sabuni au nini, kitolewe kwa wote na kisiwe na uhusiano na majibu. Barua ya mkurugenzi wa halmashauri upitie nayo kwa mtendaji wa kijiji kabla, ila mtendaji asiwachagulie nyumba za kwenda, atawapeleka kwa wanaojua kuongea.

Idadi ya watu, maana najua bosi atauliza. Watu wa kikundi kimoja wanafanana majibu kwa sababu wamefundishwa na mtu mmoja na wanaongea wenyewe kwa wenyewe, kwahiyo watu 5 kutoka vikundi 12 wanakwambia mengi kuliko watu 30 kutoka vikundi viwili, ingawa idadi ni ile ile 60. Ndani ya kikundi chagua kwa kura ya vikaratasi. Na kama bado kuna vikundi hamjavifikia fanya hivi: pigeni kura hadharani, nusu ya vikundi wapate kijitabu msimu huu, nusu msimu ujao, alafu nenda uani kwa wote. Bila kundi la pili hutajua kama watu wameacha kuanika chini kwa sababu ya kijitabu chako au kwa sababu redio imetangaza au mnunuzi ameanza kukataa mahindi machafu. Kura inapunguza na manung'uniko, kila mtu ameona.

Kwa vifaa tumia KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu ya dodoso, inafanya kazi kwenye simu ya kawaida ya Android bila mtandao na inatuma ukirudi kwenye network, unaweza kuweka picha na kuruka maswali yasiyomhusu mtu. Usiwashe GPS ya nyumba za watu kama huna kazi nayo. Na kabla hujaanza rasmi jaribu dodoso lenyewe kwa watu kama 10 ambao hutawahesabu, kila swali ambalo mhojaji amelazimika kulieleza kwa maneno yake lirudi mezani likaandikwe upya.

Kwenye ripoti ya bosi usiandike asilimia kwa watu wachache, "31 kati ya 40" inaeleweka na haidanganyi, wakati "asilimia 77.5" inajifanya ina uhakika wa mbali. Tenganisha wanaosoma vizuri na wanaosoma kwa shida, tenganisha na wake kwa waume, maana jumla inaweza kupendeza huku kundi moja zima limebaki nyuma. Kisha weka jedwali moja tu, kila ukurasa wa kijitabu mstari wake: walielewa wangapi, walifanya wangapi, kilichowakwamisha, na tunafanya nini, kuacha, kurekebisha au kutoa. Bosi akiona hilo jedwali atakuwa na kitu cha kuamua.

Na hela ya kuprinti usiiombe yote sasa. Omba kopi chache za toleo lililorekebishwa zitoshe ile nusu ya vikundi, kipande cha kwanza kifanye wiki hii au ijayo maana hakihitaji msimu wala bajeti, ni nauli na chupa za kioo tu. Chumvi nunua ya mawe, ile ile wanayouziwa dukani kwao.